Bwana Msa na Mtungaji Wake: Riwaya za Muhammed Said Abdulla kutoka Mzimu hata Kosa

Wapelelezi katika riwaya za Kiswahili ni wengi, na baadhi yao huja na bastola, motokaa za mbio na safari za ndege. Yule anayehesabiwa kuwa wa kwanza wao hakutegemea vyombo hivyo. Alitegemea akili yake, na kiko chake kikawa mwenzi wa fikira zake. Huyo ni Bwana Msa, aliyetungwa na marehemu Muhammed Said Abdulla wa Unguja, na jina lake limekaa katika vinywa vya wasomaji tangu mwaka 1960.

Walakini kujulikana ni jambo moja, na kupimwa kwa haki ni jambo jingine. Hukumu mbili zimezoeleka juu ya mtungaji huyu. Ya kwanza yasema kwamba Bwana Msa ni Sherlock Holmes wa Kiingereza aliyehamishiwa Unguja, na kwa hiyo mtungaji ni mwigaji hodari tu. Ya pili yasema kwamba hadithi ya upelelezi ni kitu cha kupitishia wakati, haistahili kuwekwa katika mizani moja na riwaya zinazoeleza maisha ya jamii. Nia ya makala haya ni kuzichungua hukumu hizo mbili. Maoni yangu ni kwamba riwaya sita za Bwana Msa zikisomwa kwa taratibu ya miaka yake ni uchunguzi mmoja mrefu juu ya swali moja, nalo ni hili: watu wakipatwa na msiba, sababu yake huitafuta wapi? Uchunguzi huo waanza katika mzimu, nao waisha katika kosa la mpelelezi mwenyewe.

Maisha yake

Muhammed Said Abdulla alizaliwa tarehe 25 Aprili 1918 huko Makunduchi, kusini ya kisiwa cha Unguja. Mahali hapo pana maana kwa wanaochungua lugha. Makunduchi ndiko kunakosemwa Kikae, lahaja ambayo jina lake lenyewe ladokeza usemi wa kale, kwani kae na kale ni neno moja, ila katika kae sauti ya l imedondoka. Ndiko pia kunakosherehekewa Mwaka Kogwa, sikukuu ya mwaka mpya wa jadi. Mtu wa Makunduchi hana haja ya kufundishwa na kitabu mzimu ni kitu gani, wala watu wa kale ni nani. Basi jina la riwaya yake ya kwanza halikutoka mbali.

Alipomaliza masomo aliingia kazini mwaka 1938 katika idara ya afya ya serikali, akiwa mkaguzi, au bwana afya kama watu wawaitavyo wenye kazi hiyo. Alidumu humo miaka kumi. Mwaka 1948 aliiacha, akawa mhariri wa gazeti la Zanzibari. Katika miaka kumi iliyofuata alikuwa pia mhariri msaidizi wa Al Falaq, Al Mahda na Afrika Kwetu. Mwaka 1958 alishika uhariri wa Mkulima, gazeti la mambo ya kilimo, akakaa nalo mpaka alipostaafu mwaka 1968. Alifariki mwaka 1991.

Kazi hizo mbili, ya ukaguzi na ya uhariri, aghalabu hutajwa kwa mstari mmoja na kupitwa. Mimi naona kwamba ndizo zilizomtengeneza Bwana Msa. Kazi ya bwana afya ni kuingia katika nyumba na viwanja vya watu, kutazama kisima, shimo la taka na mtungi wa maji, na kupata katika vitu hivyo vidogo sababu ya ugonjwa ambao watu wameupa sababu nyingine. Homa imemlaza mtoto, jirani asema ni jicho la hasidi, na bwana afya aonyesha viluwiluwi vya mbu katika kifuu kilichojaa maji ya mvua. Hawezi kumdharau jirani, kwa kuwa asiposikilizwa kazi yake ni bure, wala hawezi kukubaliana naye. Yampasa aonyeshe, kisha aeleze kwa maneno ambayo mwenye nyumba atayakubali. Njia ya Bwana Msa ni hiyo hiyo.

Ama kazi ya magazeti, ilimfunza jambo jingine. Al Falaq lilikuwa sauti ya Jumuiya ya Waarabu, na Afrika Kwetu lilisimama upande wa Waafrika. Mtu aliyepata kukaa katika vyumba vya wahariri wa magazeti hayo yote mawili, katika miaka ambayo siasa za Unguja zilikuwa zikipamba moto, hakukosa kuona jinsi tukio moja liwezavyo kusimuliwa kwa namna mbili, na kila msimulizi akaapa kuwa ndiye mkweli. Mpelelezi huishi katika tofauti ya masimulizi. Kama watu wote wangalisimulia jambo kwa namna moja, asingalikuwa na kazi.

Mzimu wa Watu wa Kale

Riwaya ya kwanza, Mzimu wa Watu wa Kale, ilipata zawadi ya kwanza katika mashindano ya kuandika hadithi za Kiswahili ya mwaka 1957 na 1958, yaliyoendeshwa na East African Literature Bureau, ikapigwa chapa mwaka 1960. Mwanzo wake wajulikana: tajiri mwenye mashamba, Ali bin Bomani, amekutwa maiti katika mzimu. Adabu ya hadithi za namna hii yakataza kumtaja muuaji, nami sitaivunja. Yatosha kusema ni nini kilichowekwa mezani tangu kurasa za kwanza.

Mzimu ni mahali pa kuheshimiwa na kuogopwa. Mtu akifia hapo, sababu imekwisha kutolewa kabla ya swali kuulizwa: wa kale wamekasirika. Jibu hilo lina nguvu kwa sababu laufunga mlango wa uchunguzi, na hapana ye yote anayelazimika kutazamwa usoni. Bwana Msa, pamoja na sahibu yake Najum na Inspekta Seif wa polisi, aufungua mlango huo tena.

Hapa yafaa tuangalie kwa makini, kwani ni rahisi kusema kwamba riwaya hii ni vita vya elimu dhidi ya ujinga. Haikuandikwa hivyo, na kama ingaliandikwa hivyo isingalidumu. Msomaji wa Unguja ni Mwislamu kwa kawaida, na dini yake yakiri kwamba kuna viumbe visivyoonekana. Kumwambia kwamba hakuna ghaibu ni kumwambia uwongo kwa imani yake. Swali linaloshughulikiwa ni dogo kuliko hilo, na kwa udogo wake lakata zaidi: je, mauaji haya, katika siku hii, yalifanywa na mkono usioonekana au mkono wa mtu? Mtu aweza kuamini kwamba kuna majini na huku akakataa kwamba jini ndilo lililomwua Ali bin Bomani. Mtungaji hamwombi msomaji aache imani yake, ila asiifanye kuwa maficho ya muuaji.

Hili ndilo lililofanya riwaya iwe kitu kizito kuliko mchezo wa kubahatisha. Katika jamii ndogo, jibu la mzimu lina faida kwa wengi. Laokoa majirani wasishukiane na laokoa jamaa wasiulizane habari za urithi. Anayelikataa jibu hilo awaletea watu taabu ya kushukiana wenyewe kwa wenyewe. Basi ukweli una gharama, na Bwana Msa ndiye anayewatoza watu gharama hiyo.

Je, ni kuiga?

Sasa tuitazame hukumu ya kwanza. Mfanano na Sherlock Holmes hauwezi kukanwa. Holmes ana kiko, na Msa anacho. Holmes ana rafiki, Watson, ambaye hustaajabu na kuuliza, na Msa ana Najum. Holmes ana Lestrade wa polisi ambaye hufika kwenye jibu la kosa, na Msa ana Seif. Hata kisa cha watu kudhani kwamba kifo kimeletwa na kitu kisicho cha kibinadamu kipo katika riwaya ya Arthur Conan Doyle ya mbwa wa Baskerville, iliyotoka mwaka 1901 na 1902. Yamkini mtungaji wetu hakutaka kuuficha ukoo huo.

Walakini tukianza kuhesabu ukoo, tusiishie kwa Holmes. Doyle alimtoa Holmes mwaka 1887, na kabla yake, mwaka 1841, Mmarekani Edgar Allan Poe alikwisha mtunga Dupin wa Paris, naye ana akili ya kuchambua mambo, ana kiko, na ana rafiki ambaye ndiye msimulizi. Doyle alimfanya Holmes amdharau Dupin katika kitabu chake cha kwanza, nayo ni njia ya mtoto kukiri baba. Hapana anayesema kwamba Doyle si mtungaji kwa kuwa Poe alimtangulia. Kipimo kinachomtosha Doyle na kimtoshe Abdulla: tuulize chombo alichokipokea alikifanyia nini.

Alikifanyia mambo mawili. La kwanza lahusu mji wake. London ya Holmes ilikuwa mji wa mamilioni ya watu wasiojuana. Ustadi wa Holmes ni kumtazama mgeni mlangoni na kujua kazi yake kwa tope la viatu vyake. Unguja na Pemba pamoja zilikuwa na watu pungufu ya 300,000 katika hesabu ya mwaka 1958, na katika mtaa wa mjini au kijiji cha shamba kila mtu amjua mwenziwe na ajua kazi yake. Ustadi wa kusoma viatu una kazi ndogo huko. Siri ya mahali kama hapo haiko katika mtu asiyejulikana, bali katika mtu anayedhaniwa kujulikana: ni nani hasa, mwana wa nani, na kwa nini aliitwa jina hilo. Kwa hiyo, kadiri miaka ilivyokwenda, riwaya za Bwana Msa zilitoka katika swali la nani ameua zikaelekea kwenye swali la nani amemzaa nani. Upelelezi umegeuka kuwa elimu ya nasaba, na katika visiwa ambamo nasaba ilikuwa na uzito katika ndoa, urithi na heshima, hapana siri kubwa kuliko hiyo.

La pili lahusu chimbuko la mchezo wenyewe. Husemwa kwamba hadithi ya fumbo ni mgeni kwetu. Kitabu chake ni kigeni, naam, lakini umbo lake halikuwa geni. Katika mchezo wa vitendawili, anayetega huwaacha wenziwe wajaribu, hukataa majibu yao moja moja, na wakishindwa huwaambia: nipe mji. Hupewa mji, husimulia jinsi alivyokwenda huko, kisha hufumbua. Angalia sasa mwisho wa hadithi ya upelelezi. Inspekta amejaribu, ameshindwa. Rafiki amejaribu, ameshindwa. Wote wakaa kimya, na mwenye jibu ashika zamu yake ya kusimulia. Ni kana kwamba Najum na Seif wamempa Bwana Msa mji. Msomaji aliyekulia katika vitendawili huipokea hotuba ya mwisho ya mpelelezi bila ugeni wo wote, na lugha yenyewe imekwisha mtayarishia neno la kutangulia ufumbuzi, nalo ni kumbe. Lugha iliyo na kumbe haikuwa na haja ya kungojea Holmes ili ijue ladha ya jambo lililodhaniwa hivi likaja kuwa vile.

Majina sita

Riwaya za Bwana Msa ni Mzimu wa Watu wa Kale (1960), Kisima cha Giningi (1968), Duniani Kuna Watu (1973), Siri ya Sifuri (1974), Mwana wa Yungi Hulewa (1976) na Kosa la Bwana Msa (1984). Yafaa tuyasome majina haya kwa mfululizo.

Mawili ya kwanza yametoka katika ulimwengu wa ghaibu. Mzimu tumekwisha uona. Giningi, katika masimulizi ya visiwani, ni mji wa wachawi usioonwa na macho ya kawaida. Kisha laja jina la tatu, nalo ni msemo wa kila siku ambao mtu huutamka akistaajabishwa na tendo la mwenziwe, jema au baya: duniani kuna watu. Tukiliweka baada ya mzimu na kisima cha wachawi, msemo huo wawa jibu. Mliyemtafuta katika mzimu na kisimani yuko hapa: duniani kuna watu.

Baada ya hapo ghaibu haitajwi tena katika majina. Siri ya Sifuri ni mchezo wa sauti, siri na sifuri, na wanaochungua asili za maneno watakumbuka kwamba neno hilo la Kiarabu ndilo lililoingia katika lugha za Ulaya likawa jina la tarakimu isiyo na thamani na pia jina la maandishi ya siri. Mwana wa Yungi Hulewa laleta suala la mwana na mlezi wake, kwani sikio la leo husikia ulevi katika hulewa, na sikio lililozoea ushairi huweza kusikia kulelewa. Hatimaye laja Kosa la Bwana Msa. Aliyewafundisha watu wasiseme mzimu umeua kabla ya kutazama, sasa jina lake mwenyewe limeandikwa pamoja na kosa juu ya jalada.

Hii ni safari yenye maana. Sababu ya mambo ilikuwa nje ya wanadamu, ikashushwa kwa wanadamu, ikapelekwa katika maficho ya nasaba, na mwisho ikamfikia yule anayechunguza. Sisemi kwamba mtungaji aliipanga safari hiyo tangu mwaka 1957. Nasema kwamba akili iliyozoea kuukataa ufumbuzi wa haraka haikosi siku moja kuukataa hata ule unaotoka kwake yenyewe.

Miaka nayo yaonyesha jambo. Kati ya riwaya ya kwanza na ya pili ni miaka minane. Kati ya 1968, mwaka aliostaafu, na 1976 alitoa riwaya nne kati ya hizo sita. Mwenye kudhani kwamba fasihi yetu imekosa watungaji na auzingatie mfano huu: mtungaji alikuwapo wakati wote, ila mchana wake ulikuwa wa gazeti la wakulima.

Lugha yake

Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja, na Kamati ya Lugha iliyoanzishwa mwaka 1930 ilikisimamia. Matokeo mengine ya usanifishaji huo yalikuwa nathari iliyonyoka lakini kavu, kama nguo iliyopigwa pasi na kunyimwa mwili wa kuivaa. Abdulla aliandika Kiunguja kabla hakijapigwa pasi, na bado hakutoka nje ya sarufi. Nguvu yake kubwa ni mazungumzo: watu wake hutaniana, hupigana mafumbo, huzunguka jambo na kulikwepa. Katika riwaya nyingine mazungumzo ni pambo, lakini katika zake ni ushahidi, kwa maana mtu hujifichua kwa neno alilolichagua, kwa heshima aliyoizidisha, au kwa salamu aliyoipunguza. Mpelelezi wa Kiswahili hana budi kuwa mjuzi wa lugha, na Bwana Msa hulipima neno kama bwana afya apimavyo maji. Kwa sababu hii riwaya hizi ni hazina kwa wenye kutunga kamusi na kuchungua misemo, hata kama hawajali nani ameua.

Upungufu

Sifa hizi zisitufumbe macho. Msuko wa visa vyake, hasa vya baadaye, huzidi ugumu wa lazima, na sadfa hubebeshwa mzigo ambao hoja ingalipaswa kuubeba. Tena Bwana Msa hupenda kueleza, na mara nyingine huendelea kueleza hali msomaji amekwisha elewa.

Lawama iliyo nzito zaidi ni ile ya wahakiki wanaosema kwamba mtungaji hakuigusa misingi ya jamii yake. Mapinduzi ya Januari 1964 yalivunja ulimwengu wa wenye mashamba ambao Ali bin Bomani alitoka ndani yake, lakini Mapinduzi si mada ya riwaya hizi. Wenziwe wa Unguja waliomfuata, kama vile Mohamed Suleiman Mohamed katika Nyota ya Rehema (1976) na Adam Shafi Adam katika Kasri ya Mwinyi Fuad (1978), walilikabili suala la ardhi na dhuluma uso kwa uso. Lawama hii ina haki yake. Mpelelezi huuliza nani amemwua tajiri, wala haulizi tajiri aliupataje utajiri. Hata hivyo na ipimwe kwa kiasi. Aliyefundisha wasomaji kwamba msiba una sababu, kwamba sababu hiyo ni tendo la watu, na kwamba tendo laweza kuulizwa, alikwisha wapa nusu ya somo. Waliomfuata walilichukua swali lile lile wakalitoa katika chumba cha maiti wakalipeleka shambani.

Mwisho

Katika utanzu wa upelelezi wenyewe, waliokuja baadaye walishika njia nyingine. Faraji Katalambula katika Simu ya Kifo (1965) alimweka askari wa kazi, Inspekta Wingo, katika jiji la Dar es Salaam, na Elvis Musiba katika Kufa na Kupona (1974) alimtoa Willy Gamba, mtu wa hatari na safari. Riwaya zao zilipata wasomaji wengi, na kasi yao ilistahili kupendwa. Lakini mzee mwenye kiko, anayekaa kimya akasikiliza mpaka neno moja likamtoka mtu kwa bahati mbaya, hakupata mrithi wa kweli.

Basi hukumu ya kuiga yafaa kuondolewa, na badala yake iandikwe kwamba Muhammed Said Abdulla alipokea chombo kutoka ng'ambo akakikalisha katika kitendawili, nasaba na mazungumzo ya visiwani. Na hukumu ya kupitisha wakati yafaa kuangaliwa upya na wale wanaofundisha, kwani mara nyingi husomwa riwaya ya kwanza peke yake, na tano zilizobaki huachwa. Anayesoma ya kwanza tu ataona mpelelezi aliyeushinda mzimu. Anayesoma zote sita ataona jambo lililo zito zaidi: kwamba akili ile ile iliyoushinda mzimu nayo ilipaswa kuhojiwa, na kwamba mtungaji wake alikuwa na moyo wa kuihoji.